Vita Vilipoingia Shambani

Wasomaji wengi wa pwani wamevijua Vita vya Maji Maji kwa utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Ni kazi inayostahiki heshima yake. Lakini huko Songea, kwa Wangoni, wazee waliorithi habari hizi majumbani mwao huzianza ghalani.

Maji yaliwafikia Wangoni mwaka 1905, yakiletwa na Omari Kinjala. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo kikosi cha Kapteni Nigmann kiliwashinda huko Namabengo. Wapiganaji wakatawanyika maporini, wakawa wanavizia na kutoweka. Hapo ndipo Mjerumani alipobadili silaha. Kapteni Wangenheim alikwisha kuandika kwamba njaa na dhiki tu ndizo zitakazowatiisha watu kabisa. Kapteni Richter wa Songea, mmisionari alipomtahadharisha juu ya njaa, alijibu kuwa na wafe. Lau angeweza, angewazuia hata kupanda.

Neno hilo la kupanda ndilo zito. Ungoni mvua ni ya msimu mmoja, yapata Novemba au Desemba hata Aprili. Aliyekosa kupanda hana vuli ya kumwokoa, kama tuliyo nayo sisi visiwani. Hungoja mwaka mzima. Basi askari walipochoma vijiji na kutwaa nafaka, walichukua chakula cha mwaka ule na mbegu za mwaka uliofuata. Mkulima aliyejificha porini na wanawe aliisikia mvua ikinyesha juu ya shamba asiloweza kulikaribia.

Nkosi Mputa Gama na wenzake walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, wakati ambao mwaka mwingine wowote watu wangekuwa wakipalilia. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa. Mashujaa hao wana makumbusho yao mjini, na kila Februari hukumbukwa. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo akaomba radhi. Na jamaa za Songea Mbano wanadai kichwa chake kirudishwe. Ni haki yao. Ila waliokufa kwa njaa hawakuandikwa majina popote, nao ndio wengi. Serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000 katika nchi yote iliyopigana. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000.

Gwassa na John Iliffe ndio waliowaongoza wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1968, kwenda kuwahoji wazee. Kazi ile iliwahi: waliokuwa watoto mwaka 1905 walikuwa wangali hai. Bila wao tungebaki na taarifa za makapteni peke yake, na katika taarifa hizo shamba lililoteketezwa huhesabiwa kuwa ushindi.

Vita vilipokwisha, sehemu nyingi za kusini hazikuwa na mikono ya kutosha kulima. Pori likayafunika mashamba, wanyama wa mwitu wakaingia, na mbung'o wakawafuata.