Kibra, Mji wa Wanubi

Wasomaji wetu, katika nchi hizi za dhahabu, na hapa Ushirombo pia, twaona nyumba za matofali zikisimama palipokuwa mashamba. Yafaa basi tuitazame habari ya watu waliotutangulia kuyaona mambo hayo, nao ni Wanubi wa Kibera, mjini Nairobi.

Asili yao ni Sudani. Baba zao walikuwa askari wa Waingereza katika jeshi la King's African Rifles. Tangu mwaka 1904 walianza kukaa katika msitu ulio kando ya Nairobi, wakauita Kibra, maana yake msitu kwa lugha yao. Mwaka 1918 serikali ilitangaza ekari 4,197 za mahali hapo kuwa ardhi ya jeshi. Humo walijenga nyumba za udongo zenye ua, wakalima, wakapanda miti ya matunda, wakasimamisha msikiti, wakazika wafu wao. Lakini walikaa kwa ruhusa tu. Hati ya ardhi hawakupewa, na serikali iliwahesabu kuwa wapangaji wawezao kuondolewa wakati wo wote.

Neno hilo likawa chanzo cha taabu. Baada ya Uhuru wa Kenya, mwaka 1963, mitaa mipya ilijengwa juu ya ardhi ile: Jamhuri, Fort Jesus, Ayany, Olympic, Salama. Nyumba zilikuwa njema, ila nyingi ziliwapata watu wengine, na Wanubi wakabanwa Makina na vijiji vya jirani. Wengi wao walijenga vyumba vya kupangisha. Wageni wakaja kutoka pande zote za Kenya, hata wenyeji wakawa wachache katika mji wao.

Kisha zikaja ghorofa. Mwaka 2009 watu wa kwanza wa Soweto Mashariki walihamishiwa katika ghorofa za Lang'ata, na mwaka 2016 nyumba 822 zilikabidhiwa palepale Soweto. Hatusemi ghorofa ni mbaya, maana maji, choo na taa ni vitu vya kushukuriwa. Lakini ghorofa haina ua, na uani ndipo wazee hukaa, arusi huchezwa, na watoto hujifunza lugha ya mama zao.

Wanubi hawakunyamaza. Walipeleka shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo mwaka 2015 ikatangaza kwamba walidhulumiwa. Mwaka 2017 wakapewa hati ya ekari 288, kwa jina la jamii nzima. Ukizilinganisha na zile 4,197, hata sehemu moja katika kumi na nne haikutimia. Hata hivyo walishangilia, maana walikuwa wamengoja zaidi ya miaka mia.

Mji hauna budi kujengwa. Lakini asiye na hati huyapokea majengo mapya kama mgeni, hata kama babu zake wamezikwa hapo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi Watanzania tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, itupayo njia ya kupata hati ya kimila katika halmashauri ya kijiji. Basi tuiendee mapema, kabla wapimaji hawajafika shambani.