Enanga na Upande Mzima wa Santuri

Mwaka 1955, mpiga sarodi wa India, Ali Akbar Khan, alitoa Marekani santuri iitwayo Music of India: Morning and Evening Ragas. Raga moja ilijaza upande mzima. Santuri za zamani zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, kwa hiyo raga ililazimika kukatwa.

Nikiisikiliza santuri hiyo, huwa naifikiria enanga yetu Wahaya. Ni ubao uliochongwa shimo katikati. Uzi mmoja hupitishwa huku na huko mpaka zinapatikana nyuzi saba au nane. Mpigaji mwenyewe ndiye mwimbaji. Humsimulia Mugasha, mungu wa ziwa na dhoruba, au shujaa Kachwenyanja, na hadithi haiishi kwa dakika tatu.

Muziki huu wote wawili uliwahi kulelewa na wafalme. Khan alipiga katika kasri la Jodhpur, na baba yake, Allauddin Khan, katika kasri la Maihar. Kwetu, enanga ilisikika kwa abakama, wa Kiziba upande wa Bukoba na wa Ihangiro, Muleba ya leo. Wafalme wa India walipoteza mamlaka baada ya 1947. Utawala wa machifu Tanganyika ulifutwa 1963.

Tofauti ilianzia hapo. Sarodi ilipata santuri ndefu, maonyesho ya tiketi na shule: Khan alifungua chuo Calcutta 1956, kisha kingine California 1967. Enanga ilipata msomi. Ruth Finnegan alikuwa ameandika mwaka 1970 kwamba kusini mwa Sahara tendi simulizi ni kama hazipo. Mwaka 1986, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, M. M. Mulokozi alimjibu kwa tendi za enanga.

Hoja tulishinda, nami najivunia. Lakini vijana wengi tunamjua Mugasha kwa kumsoma, kama tunamjua. Katika harusi nilizohudhuria Bukoba, enanga ikipigwa hupewa nafasi fupi kati ya keki na zawadi, halafu spika zinachukua zamu.

Leo kisingizio cha urefu hakipo. Simu ya kawaida inaweza kurekodi usiku kucha. Anayehitajika ni mtu wa kwenda kuketi na mzee wa enanga na kumwacha aimbe mpaka amalize.