Jongoo waliotengeneza msitu wa Bamburi

Ukiwapeleka watoto Haller Park, pale Bamburi, Mombasa, watakuuliza kwanza twiga wako wapi. Sawa, waone. Kisha waambie wainame waangalie chini, maana historia ya pale imo udongoni.

Kuanzia 1954 kiwanda cha saruji kilichimba hapo mawe ya matumbawe. Kikabaki shimo jeupe, kavu, bila udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu miti aina 26. Iliyostahimili ni aina chache tu, hasa mvinje, ambao mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani.

Shida ikawa majani: yanadondoka lakini hayaozi, kwa sababu yana tanini nyingi. Basi wakaletwa jongoo. Wakayala, kinyesi chao kikasaidia kutengeneza mboji, na mimea mingine ikapata pa kuota.

Kwa hiyo mtoto akitaka kumkanyaga jongoo njiani, mzuie. Mwambie kivuli hiki ni sehemu ya kazi yake. Na kama karibu na kwenu kuna machimbo yaliyoachwa, usiharakishe kusema ardhi ile imekufa.