Mtunya na Nabii Amosi

Ukiona malori yakipakia magunia ya mahindi sokoni Kibaigwa, ni vigumu kuamini kwamba Ugogo ndiyo iliyopigwa na Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Walikufa watu wapatao 30,000. Je, Mungu aliwatupa Wagogo? Sikubali. Mvua ilikosekana, kweli. Lakini kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yaliwanyang'anya ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Nabii Amosi, mchungaji wa Tekoa, hakumlaumu mwenye njaa. Aliwashitaki waliopunja kipimo cha nafaka (lumbesa yetu ni binamu yake). Ahadi ya miji kujengwa upya aliiweka mwishoni, mashitaka yakiisha kusomwa. Ya Mtunya sijayasikia yakisomwa.