Mazingira ya kazi ya wahandisi katika migodi ya Kanda ya Ziwa

Mazingira ya kazi ya wahandisi katika migodi ya Kanda ya Ziwa ni hali ya ajira, zamu na maisha ya kambini ya wahandisi walioajiriwa na makampuni makubwa ya dhahabu kaskazini magharibi mwa Tanzania. Migodi hiyo ni pamoja na Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, pamoja na Bulyanhulu na North Mara, iliyo chini ya kampuni ya Twiga ambayo Barrick ina hisa asilimia 84 na Serikali asilimia 16.

== Zamu na familia ==
Mshahara wa mgodini kwa kawaida huzidi wa serikalini, lakini mhandisi huulipia kwa muda wake. Zamu ya saa 12, mchana au usiku, ni jambo la kawaida, na siku za kazi hufuatana kabla ya mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na isiyozidi saa 12 kwa siku. Hata hivyo, makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi huruhusu saa kuhesabiwa kwa wastani wa kipindi kirefu, kisichozidi mwaka. Kwa hiyo chama dhaifu ni hasara ya moja kwa moja kwa mfanyakazi. Mhandisi anayesimamia wenzake na kuripoti kwa uongozi wa juu hata hafaidi vifungu hivyo vya saa.

Familia nyingi hubaki mijini kama Mwanza. Anayekwenda North Mara kwa barabara kutoka huko hupita Magu na Bunda, safari inayokula sehemu ya mapumziko.

== Kukua kitaaluma ==
Mhitimu wa chuo hahesabiwi kuwa mhandisi mtaalamu mpaka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, chini ya Sheria Na. 15 ya 1997. Tangu 2003 Bodi inaendesha mafunzo kazini ya miaka mitatu, ambamo mhitimu husimamiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Msimamizi mwenye nafasi ya kufundisha ni neema kubwa; asiyefundisha humwacha kijana akijaza fomu. Kanuni za mwaka 2018 zinazitaka kampuni za madini ziwe na mpango wa Watanzania kurithi nafasi za wageni.

== Usalama wa ajira ==
Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Mwaka huohuo Bulyanhulu ilipunguza shughuli, na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira.