Sinapsi: kiungo, mwanya au kivuko?

Mwalimu wa biolojia anayefundisha kwa Kiswahili hupita salama katika somo la ubongo mpaka afike kwenye sinapsi. Seli ina jina. Neva ina jina, na asiyelipenda husema mshipa wa fahamu. Ubongo na uti wa mgongo ni maneno ya nyumbani. Ila pale seli moja ya neva inapokoma na nyingine inapoanza, Kiswahili hakikuwa na neno, kwa kuwa hakuna aliyepaona mahali hapo kwa macho matupu. Tukaazima: sinapsi.

Wapo wasioridhika na kuazima, na hawakosi hoja. Neno la kigeni humlazimu mwanafunzi kukariri kabla ya kuelewa. Wanaotafuta mbadala wa Kiswahili huangukia upesi kwenye moja ya maneno matatu: kiungo, mwanya au kivuko. Kuchagua si suala la ladha tu. Kila neno kati ya hayo linadai jambo fulani kuhusu namna ubongo unavyofanya kazi, na madai hayo yanapimika.

Tuanze na kiungo, maana ndilo dai la kale zaidi. Mwaka 1873 Camillo Golgi, daktari wa Italia, aligundua njia ya kupaka rangi tishu za ubongo kwa kutumia dikromati ya potasiamu na nitrati ya fedha. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba seli chache tu hushika rangi, lakini inayoshika hugeuka nyeusi yote, kiwiliwili na matawi yake mpaka nchani. Golgi alipotazama kwenye hadubini alishawishika kwamba nyuzi za neva zimeungana na kuwa mtandao mmoja usiokatika. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akaichukua njia ileile, akaiboresha, na kuanzia mwaka 1888 akiwa Barcelona akatoa ushahidi wa kinyume chake: kila seli inajitegemea, na matawi yake hukaribia seli nyingine bila kuungana nayo. Mwaka 1891 Mjerumani Wilhelm Waldeyer akaipa seli hiyo jina neuroni. Mahasimu hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja mwaka 1906, na hata katika hotuba yake ya kupokea tuzo Golgi aliendelea kumpinga mwenzake.

Cajal ndiye aliyekuwa na haki. Kwa hiyo atakayeiita sinapsi kiungo atakuwa anamrudisha mwanafunzi upande wa Golgi bila kujua. Tena neno lenyewe limeelemewa: goti ni kiungo, mkono ni kiungo, bizari na hiliki ni viungo, na hata uwanjani yupo kiungo mshambuliaji. Kulibebesha na sinapsi ni kulionea.

Ajabu ni kwamba neno la Kigiriki tuliloazima nalo lina asili ya kushikana. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Sherrington alikuwa akiandika sura za mfumo wa neva katika kitabu cha fiziolojia cha Michael Foster, akahitaji jina la mahali ambapo neuroni mbili hukutana. Mwanzoni alitaka kutumia sindesmi, yaani kifungo. Arthur Verrall, mtaalamu wa fasihi ya Kigiriki wa Cambridge, akamshauri atumie sinapsi, kutoka kitenzi chenye maana ya kushikana au kufungamana. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kisarufi: sinapsi lingezaa kivumishi kizuri zaidi. Sababu hiyo kwetu haina uzito hata kidogo. Kiswahili kina -a unganifu, nacho hakichagui nomino: mwanya wa sinapsi, utando wa sinapsi, magonjwa ya sinapsi.

Lililo zito ni jambo jingine. Sherrington hakuwa ameiona sinapsi alipoipa jina. Alikisia kuwapo kwake kutokana na tabia ya wanyama aliowachunguza. Ujumbe unaopita katika uti wa mgongo ulichelewa kuliko unaosafiri kwenye neva tupu ya urefu uleule, na ulipita upande mmoja tu, haukurudi. Lazima pawepo mahali penye sheria zake. Jina alilolitoa lilikuwa la kazi kabla halijawa la umbo, na hilo ndilo lililoliokoa neno lake, kama tutakavyoona.

Umbo lilionekana miaka ya 1950 kwa hadubini ya elektroni. Kati ya seli inayotuma na seli inayopokea pana nafasi ya takriban nanomita 20, wakati unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hapa ndipo wanaopendekeza mwanya wanapopata nguvu. Ni neno zuri, fupi, na pwani mwanya wa meno ya mbele ni urembo unaosifiwa. Kasoro yake ni kwamba linataja sehemu badala ya kitu kizima. Sinapsi ina pande tatu: ncha ya neuroni inayotuma, ambayo imejaa vifuko vidogo vya kemikali, nafasi iliyo katikati, na utando wa seli inayopokea, wenye vipokezi vinavyoitambua kemikali hiyo. Nafasi ya katikati peke yake ndiyo mwanya, na neno hilo tulihifadhi kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye kivuko, ambalo ndilo neno linalonivutia zaidi. Msafiri anayetoka Ukunda kwa matatu kwenda kisiwani Mombasa hushuka Likoni. Matatu yake haivuki. Yeye huingia kwenye feri kwa miguu, hufika ng'ambo, hupanda gari jingine. Ndivyo ujumbe unavyovuka sinapsi nyingi. Umeme husafiri kwenye aksoni, yaani uzi mrefu wa neuroni, mpaka nchani, na huko hukoma. Ukifika hufungua njia kwa chembe za kalisi kuingia ndani ya ncha. Kalisi husababisha vifuko kupasukia nje. Kemikali humwagika, huvuka mwanya, hunasa kwenye vipokezi. Na ng'ambo umeme mpya huanza. Yote hayo huchukua kama nusu ya elfu moja ya sekunde.

Aliyethibitisha kwamba kinachovuka ni kemikali ni Otto Loewi, mwaka 1921, huko Graz nchini Austria. Alichukua mioyo miwili ya vyura, mmoja ukiwa bado na neva yake ya vagasi. Alipoichochea neva hiyo kwa umeme, moyo wa kwanza ulipunguza mapigo. Akachukua maji ya chumvi yaliyouzunguka moyo huo, akayamiminia wa pili, nao ukapunguza mapigo ilhali haukuguswa na umeme wowote. Kemikali iliyofanya hivyo ilikuja kujulikana kuwa asetilikolini. Loewi mwenyewe alisimulia kwamba jaribio hilo lilimjia usingizini, akaamka na kuliandika, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata lilipomrudia hakungoja kuche, akaenda maabara.

Kivuko basi kinaeleza vizuri kuliko kiungo na mwanya. Lina hata wingi wake ulio wazi, kivuko kwa vivuko, jambo ambalo sinapsi inalikosa. Lakini istilahi haipimwi kwa mfano mmoja uliokaa vizuri. Hupimwa kwa mambo yote inayotakiwa kuyabeba, na kivuko kinakwama mara tatu.

Kwanza, katika tabia. Daktari akikugonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira, mguu hujirusha mbele. Msuli wa mbele ya paja umeamriwa kukaza, na wakati huohuo msuli wa nyuma umezuiwa usikaze, ama sivyo misuli miwili ingevutana na mguu usingekwenda popote. Sherrington ndiye aliyeonyesha kwamba kuzuia huku ni kazi halisi ya mfumo wa neva, wala si ukosefu wa amri. Zipo sinapsi ambazo kemikali yake huituliza seli inayopokea, ikawa vigumu zaidi kuamka. Umuhimu wake huonekana zinapoharibika. Sumu ya bakteria wa pepopunda hupanda kupitia neva hadi kwenye uti wa mgongo na kuzinyamazisha sinapsi hizo za kuzuia. Taya hufunga, mgongo hupinda kama upinde, kelele ndogo hukaza mwili mzima. Mgonjwa hakuongezewa nguvu, ameondolewa breki. Neno kivuko linatufundisha kwamba kitu kinafika ng'ambo, lakini halitwambii kwamba kinachofika chaweza kuwa katazo. Tena neuroni moja hupokea kutoka kwenye sinapsi maelfu, nyingine zikisema amka, nyingine zikisema tulia, nayo huamka pale tu jumla ya sauti hizo inapozidi kiwango fulani. Tabia, kuanzia kurusha mguu hadi kujizuia kujibu tusi, hutokana na hesabu hiyo.

Pili, katika kujifunza, na hapa ndipo hoja inapoelemea. Feri haiwi kubwa zaidi leo kwa sababu watu walivuka jana. Sinapsi huwa. Mwanasaikolojia wa Kanada Donald Hebb alikisia mwaka 1949 kwamba seli zinazoamshana mara kwa mara huimarisha njia iliyo baina yao. Eric Kandel alilichunguza jambo hilo kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia, mwenye neuroni kama 20,000 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana bila hadubini. Ukimgusa polepole kwenye mrija wake, hurudisha matamvua ndani. Ukirudia kumgusa, huzoea na kupuuza. Ukimtia mshtuko mkiani kisha ukamgusa polepole vilevile, huyarudisha matamvua kwa nguvu. Wahenga walishalisema: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Katika hali zote hizo neuroni ni zilezile. Kilichobadilika ni sinapsi. Mnyama akizoea, ncha hutoa kemikali kidogo. Akishtuliwa, kemikali nyingine iitwayo serotonini huifanya ncha itoe kemikali yake kwa wingi. Mafunzo yakirudiwa kwa siku kadhaa, seli hutengeneza protini mpya na kuotesha sinapsi za ziada, na hapo kumbukumbu ya dakika hugeuka kumbukumbu ya wiki. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo waliripoti jambo la jamaa hiyo katika ubongo wa sungura: baada ya kuchochewa kwa kasi, sinapsi za sehemu inayohusika na kumbukumbu zilibaki na nguvu zaidi kwa muda wa saa nyingi. Kandel alipata Nobel mwaka 2000. Mwalimu anayewaambia wanafunzi warudie somo leo, kesho na wiki ijayo badala ya kulikesha usiku mmoja anafuata, akijua asijue, tabia ya sinapsi.

Hata kuona kunategemea mabadiliko haya. David Hubel na Torsten Wiesel walifunga jicho moja la paka wachanga katika miezi yao ya mwanzo. Jicho lilipofunguliwa lilikuwa zima, lakini seli za ubongo wa kuona karibu zote zilikuwa zimelisusa na kulifuata lile lililobaki wazi. Paka mkubwa aliyefungwa jicho hakupata hasara hiyo. Ndiyo maana mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mapema: lenzi yaweza kutolewa wakati wowote, lakini sinapsi za kuona hazingoji.

Tatu, zipo sinapsi zisizo na feri kabisa. Mwaka 1959 Edwin Furshpan na David Potter walionyesha, kwa kuchunguza neva za kamba wa maji baridi, kwamba baadhi ya neuroni hupitishiana umeme moja kwa moja kupitia vijia vinavyounganisha seli mbili. Sinapsi za namna hiyo zimo hata katika ubongo wetu, ingawa ni chache kuliko zile za kemikali. Kuziita vivuko ni kusema uongo. Kuziita viungo kungekuwa karibu na kweli, na Golgi angetabasamu kidogo.

Hapa ndipo uchaguzi wa Sherrington unapolipa. Kwa kuwa aliipa jina kazi badala ya umbo, mwanya ulipoonekana neno halikuvunjika, kemikali zilipogunduliwa halikuvunjika, na sinapsi za umeme zilipojulikana zikaingia humo humo. Neno la kigeni lisilotoa picha lina faida yake pale ambapo kila picha inaficha nusu ya jambo. Tumefanya hivyo kwa homoni na vitamini, na hakuna anayelalamika leo.

Pendekezo langu basi ni kugawana kazi. Sinapsi libaki jina la jumla, katika ngeli ya i-/zi-, na wingi wake uonekane kwenye upatanisho: sinapsi hii imedhoofika, sinapsi hizi zimeimarika. Mwanya liwe jina la nafasi ya katikati. Kivuko litumike darasani siku ya kwanza, kisha mwalimu aonyeshe linapokomea, maana kule linakokomea ndiko kujifunza kunakoanzia. Na kiungo tuwaachie goti na bizari.

Ningeombwa kuandika kidahizo, ningeandika hivi: sinapsi nm [i-/zi-] mahali ambapo seli ya neva hupitisha ujumbe kwenda kwa seli nyingine ya neva, msuli au tezi, ama wa kuiamsha ama wa kuituliza, aghalabu kwa kemikali inayovuka mwanya mwembamba, nguvu yake huongezeka au hupungua kulingana na matumizi. Mhariri akitaka kufupisha, na akate popote isipokuwa kishazi cha mwisho.