Mtoto akiacha au akimaliza shule, matunzo yanaisha lini?

Kila Novemba, mtihani wa kidato cha nne ukiisha, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za Nzega, Urambo, Sikonge na Kaliua ambako baba na mama hawaishi pamoja: je, mzazi aliyekuwa akituma fedha za matunzo sasa anaweza kuacha? Wengi huamini kwamba matunzo hufuata sare ya shule, kwamba sare ikivuliwa wajibu umekwisha. Sheria ya Tanzania Bara haisemi hivyo. Kwanza inahesabu miaka ya mtoto, halafu ndipo inauliza kama bado anasoma.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto wake chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Wajibu huo ni wa baba na mama, wawe wamefunga ndoa, wameachana au hawajawahi kuishi pamoja.

Mahakama ikitoa amri ya matunzo, amri hiyo hukoma mtoto anapotimiza miaka 18. Inaweza kukoma mapema iwapo mtoto amepata ajira yenye kipato. Na inaweza kuendelea baada ya miaka 18 iwapo kijana bado yuko masomoni au kwenye mafunzo, lakini kwa hilo lazima mahakama iombwe.

Ameacha shule akiwa na miaka 15

Tuseme binti ameacha shule akiwa kidato cha pili na sasa anakaa na mama yake. Baba anasema, "Nilikuwa nalipia shule, na shule hakuna." Hoja hiyo haitoshi. Binti bado anakula, anavaa, anaumwa na anahitaji pa kulala. Matunzo ni zaidi ya ada na madaftari, na wajibu wa wazazi unabaki mpaka atimize miaka 18.

Ni vivyo hivyo kwa binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito. Yeye mwenyewe bado ni mtoto mbele ya sheria, na wazazi wake wanaendelea kuwajibika kwake. Kupata mtoto hakumfungii mlango wa shule: Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi darasani.

Anafanya kazi shambani

Katika mkoa wa Tabora vijana wengi wanaoacha shule huingia kwenye mashamba ya tumbaku. Hapa pana mambo mawili ya kutenganisha.

La kwanza, kusaidia kazi za nyumbani au shamba la familia bila ujira si sawa na kuajiriwa kwa kipato. Wazazi wakibishana kama mtoto ameajiriwa au la, waende mahakamani. Mzazi asijiamulie mwenyewe kukata fedha.

La pili, sheria inaruhusu mtoto wa miaka 14 na kuendelea kufanya kazi nyepesi, lakini inakataza kazi za hatari kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Anayevuna majani mabichi ya tumbaku, hasa yakiwa na umande, anaweza kupata kizunguzungu na kutapika, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi. Mzazi anayempeleka mtoto kwenye kazi ya namna hiyo ili apumzike kutoa matunzo anajitafutia kesi nyingine.

Ametimiza miaka 18 na bado anasoma

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza haki bila kujua. Kijana wa kidato cha tano, wa ualimu au wa ufundi katika chuo cha VETA Tabora anaweza kutimiza miaka 18 katikati ya masomo. Siku hiyo amri ya matunzo hufika mwisho, isipokuwa mahakama imekubali iendelee.

Ombi la kuendeleza amri linaweza kupelekwa na mzazi, na mtu anayekaa na kijana huyo, au na kijana mwenyewe. Ni vizuri kuomba miezi michache kabla ya siku ya kuzaliwa, badala ya kusubiri fedha zikatike ndipo mbio zianze. Beba cheti cha kuzaliwa, nakala ya amri ya awali, barua ya kujiunga na shule au chuo, na orodha ya gharama.

Miezi ya kusubiri

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka kwa kawaida Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Kijana anaweza kukaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka. Kama hajatimiza miaka 18, hakuna kinachobadilika na matunzo yanaendelea. Kama anatimiza 18 ndani ya miezi hiyo, familia inahitaji kuonyesha kuwa masomo yanaendelea. Tunza matokeo yake, tangazo la uchaguzi la TAMISEMI au fomu ya maombi ya chuo. Karatasi hizo ndizo zitakazosema kwamba kijana anasubiri masomo na hajamalizana nayo.

Kama mlikubaliana kwa mdomo

Familia nyingi hazina amri ya mahakama. Zina makubaliano ya mbele ya wazee, au karatasi iliyosainiwa ofisi ya kata. Makubaliano hayo yanafaa pale mzazi anapoyaheshimu. Lakini mahakama huendeleza amri iliyopo. Kama amri haipo, ifuatilie mtoto akiwa bado chini ya miaka 18.

Kwa mwanaume anayedaiwa kuwa baba, sheria imeweka mipaka ya muda. Ombi linaweza kupelekwa kabla mtoto hajazaliwa au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Baada ya hapo, njia mojawapo ni kuthibitisha kuwa mwanaume huyo alitoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo 24. Ndiyo maana ujumbe wa fedha kwenye simu una thamani kubwa. Usiufute. Nakili tarehe, kiasi na jina la mtumaji kwenye daftari, maana simu huharibika na laini hupotea.

Mzazi aliye mbali

Kuishi na mzazi aliye safarini si jambo geni Unyamwezi. Katika karne ya 19 vijana wa hapa walibeba mizigo ya misafara mpaka Bagamoyo, na kwenda tu kulichukua miezi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, wengine walifuata kazi kwa treni. Leo baba au mama anaweza kuwa machimboni Geita au Dar es Salaam. Umbali haufuti wajibu, na mahakama inaweza kuagiza fedha zikatwe kwenye mshahara au mapato yake.

Mzazi anayelipa naye ana haki zake. Mahakama inapopanga kiasi huangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea na gharama za maisha za eneo husika. Mavuno yakiharibika au kazi ikiisha, aombe mahakama ipunguze kiasi. Akinyamaza na kuacha kulipa, anaweza kudaiwa yote aliyoyaruka.

Uanzie wapi

Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri unakoishi. Atasikiliza pande zote na, ikishindikana, atakuelekeza Mahakama ya Watoto. Yeye mwenyewe pia anaruhusiwa kupeleka ombi la matunzo kwa niaba ya mtoto. Kama huna wakili, uliza wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure. Mtoto aliyetelekezwa au anayefanyiwa ukatili anaweza kupiga simu 116 bila malipo, au kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Kabla ya kwenda popote, andika tarehe ya kuzaliwa ya mtoto na uhesabu miezi iliyobaki kufika miaka 18. Hiyo ndiyo tarehe ya kwanza utakayoulizwa.